Kompyuta Iliyojengwa kwa Ng'ombe wa Boke

Bibi Robi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa Kewanja, nina shida na naomba unisaidie, ingawa najua shida yenyewe si ya kawaida kwenye ukurasa wako maana wengine wanakuletea habari za wake na waume na mimi nakuletea habari ya memori ya kompyuta, lakini nakusoma kila wiki na nimeona kwamba jambo usilolijua huoni haya kwenda kumwuliza anayelijua, ndiyo maana nikasema bora nije kwako kuliko kurudi kwa wale wa mtandaoni ambao kila mmoja ananiambia la kwake mpaka kichwa kinauma.

Kazi yangu ni kurekodi na kuhariri video, nafanya harusi, misiba na nyimbo za wapiga litungu, ala yetu ya nyuzi ya huku, na miaka yote nilikuwa natumia laptopu ya mtumba ambayo mwaka jana ilikufa nikiwa katikati ya video ya msiba wa watu, familia ikanitukana mbele ya kanisa zima, nikaapa kwamba sinunui tena kitu kilichofungwa ambacho kikifa kimekufa, nitajijengea mwenyewe kompyuta ya mezani, kipande kwa kipande, ili kikifa kimoja nakitoa naweka kingine. Nikaanza na kasha, nikapata zuri sana lenye kioo ubavuni na feni tatu zinazowaka taa, nikaja na pawa saplai, nikaja na prosesa, nikaja na mazabodi, ile bodi inayobeba vipande vyote, ya kisasa kabisa, nikafuata kadi ya picha mpaka Mwanza, na vyote nilivifunga kwa mkono wangu pale sebuleni, marehemu mama angekuwepo angesema nimerogwa maana nilikuwa natembea na skrubu mfukoni hata nikienda kunywa chai.

Sasa kilichobaki ni memori tu, ile wanayoiita RAM, nayo Bibi nikueleze kwa namna nyepesi, ni kama meza ya fundi cherehani, kazi anayoishona sasa hivi anaitandaza pale juu, meza ikiwa ndogo anakunja na kukunjua kila mara, ikiwa kubwa anatandaza gauni zima, na umeme ukikatika meza inafutwa haibaki hata uzi. Bila hiyo kompyuta haiwaki. Ukibonyeza, feni zinazunguka, taa zinatoa rangi zote, halafu inaanza kulia piii, piii, piii, na skrini inabaki nyeusi tii.

Kosa langu, kama ni kosa, ni kwamba mazabodi niliyonunua ni ya toleo jipya, haikubali memori za zamani hata uisukume kwa nyundo, inataka hizi mpya tu, na mwaka huu hizi mpya zimepanda bei vibaya sana, wanasema viwanda vinazipeleka kwenye yale makompyuta makubwa ya akili mnemba huko duniani na sisi wadogo tunagombania makombo. Nilikwenda Sirari kwenye duka la jamaa mmoja wa upande wa pili wa mpaka, akanitolea mbili pacha, kila moja ya GB kumi na sita, zina taa mgongoni, akazichomeka kwenye mashine yake nikaziona zinavyowaka, Bibi, nilisahau hata kumeza mate. Nikamwuliza kama hana moja tu ya nane ya kuanzia. Akamwita mwenzake, "Kuja uone huyu! Amejenga mashine ya maana hivi, ati sasa anataka kuiwekea kamemori ka kuandikia barua ya chifu!" Wakacheka wote. Akaniambia, "Buda, wacha kujiaibisha. Nakuwekea hizi mbili mpaka Ijumaa, ukichelewa usinililie."

Kwa hiyo swali langu ni hili, nichukue zile mbili za kumi na sita zenye taa, ambazo nikizipata kazi itaruka nitaweza kupokea hata harusi tatu kwa mpigo, au nichukue moja ya nane isiyo na taa nianze nayo taratibu, ambayo wa mtandaoni wananiambia nitajuta maana video itakuwa inakwama kila dakika, na pia wanasema memori moja peke yake haikimbii kama mbili zinazosaidiana. Hilo ndilo swali.

Kinachonitatiza kidogo ni fedha ya kununulia, maana iliyobaki ni mtamba mmoja, mwekundu, ana mimba ya kwanza, na mnunuzi kutoka Nyakunguru nimemwambia aje Alhamisi.

Huyo mtamba ni wa mwisho katika ng'ombe wa dada yangu Boke. Wewe unajua desturi, lakini wasomaji wengine ni wageni huku kwetu kwa hiyo naeleza, kwetu sisi mvulana anaunganishwa na dada yake, ng'ombe watakaotolewa dada akiolewa ndio huyo kaka anaolea mke, na mke huyo maisha yake yote anamheshimu wifi yake kwa sababu yuko pale kwa ng'ombe wake. Boke aliolewa upande wa Serengeti na mtu anaitwa Zablon, ng'ombe wakaja, baba alikuwa ameshafariki kwa hiyo nikawapokea mimi, na mimi badala ya kuoa nikasema nijenge kwanza kazi, mke atakuja kazi ikishakuwepo. Boke mwenyewe nilimwambia kwenye simu nikiwa nimeshaanza kuwauza, akasema, "Sawa mura, wewe ndiye uliyesoma."

Jumapili iliyopita Boke alirudi. Alishuka kwenye bodaboda pale nje, mkono wa kushoto amefungwa na kanga shingoni na mdomo umevimba, hana hata mfuko. Hawajajaliwa mtoto na Zablon anasema kosa ni la Boke. Hii ni mara ya tatu anapigwa ila ni ya kwanza kuvunjwa. Nilikuwa nimekaa na kompyuta yangu, ndiyo nilikuwa naijaribu, inalia ile piii, piii, akasimama mlangoni akaitazama, akasema, "Huyu ndiye mke uliyemwoa kwa ng'ombe wangu?" Nikadhani anatania, nikacheka. Akasema, "Mzuri. Ana taa mwilini. Mbona analia, na yeye unampiga?"

Akaja akachutama mbele ya kioo. Akaanza kuniuliza moja moja. "Hii sanduku ni ng'ombe yupi?" Nikamwambia yule mweupe. "Hii nene hapa?" Nikamwambia hiyo ni kadi ya picha, ni yule fahali na ndama wake mmoja. "Na hii bapa?" Mazabodi, yule mwenye pembe moja. Alikuwa anawakumbuka wote, Bibi, kila mmoja na mama yake. Akaonyesha kwa kidole cha mkono mzima, "Na haya matundu manne matupu?" Nikamwambia ni ya memori. Akasema, "Aaa. Hapo ndipo anapoingia mtamba wangu." Kisha akauliza, "Sasa mimi, mura, mimi nimo wapi humo ndani?" Nikamwambia umeme unaisha, ngoja nizime.

Jumatatu Zablon alipiga simu, akatoa maneno machache tu, anataka mke wake au ng'ombe wake, wazee wakae Jumamosi. Baba mdogo Nyangwine ndiye atakayekaa upande wetu na ameshasema neno lake, "Mkono utaunga wenyewe. Ng'ombe walioliwa hawaungi. Arudi kwake." Boke anafagia uwanja kwa mkono mmoja tangu alfajiri, akimaliza anaanza tena.

Mimi nilichofikiria ni kwamba nikinunua zile mbili za Ijumaa kompyuta itawaka, nitaanza kupokea kazi, na baada ya muda nitaweza hata kuwarudisha hao ng'ombe taratibu kama Boke atakuwa bado anataka kurudi nyumbani, yaani avumilie kidogo tu huko kwake mpaka mashine isimame. Lakini nikichukua ya nane nitachelewa zaidi. Ndiyo maana naomba ushauri wako wa memori, Bibi, nichague ipi.

Ni mimi mjukuu wako, Mokami, Kewanja.

BIBI ROBI ANAJIBU

Marahaba, Mokami. Majina yenu yote nimeagiza yabadilishwe kabla hayajachapwa, asije huyo mume akajua mambo yenu kwa kusoma gazeti la kufungia maandazi. Wewe unajijua, na jibu hili Laurensia anakutumia kwanza kwa simu, lisingoje siku ya gazeti.

Mimi sikukanyaga shule. Barua zenu ananisomea mwalimu Laurensia, mpangaji wangu kutoka Bukoba, na ninayoyasema ndiye anayeyaandika. Ya kwako alipofika pale dada yako anauliza yeye yumo wapi, mwalimu aliweka karatasi chini akaenda kuchota maji, na maji yalikuwepo. Karatasi nzima mbili umenijazia memori. Mkono wa dada yako umeupa mstari mmoja. Ule mkono, mura, umeshapelekwa hospitali? Hukuandika. Nimemwambia Laurensia arudie kusoma mara mbili nikidhani ameruka. Hajaruka.

Nitakujibu uliloniuliza, usije ukasema bibi kakwepa. Halafu nitakujibu ambalo hukuniuliza.

La memori nimemwita Godwin, fundi wa kompyuta pale Tarime mjini, nikamkalisha nikamwambia nieleze kama unamweleza ng'ombe. Anasema hivi. Zile mbili zenye taa usizichukue. Taa hazifanyi kazi yoyote, ni kama nyumba za tegesha mnazojenga huko kwenu kungojea fidia ya mgodi, bati linang'aa na ndani halali hata paka. Ile moja ya nane nayo usiichukue, kwa video ni ndogo kweli, hao wa mtandaoni hapo wamesema sawa. Anasema kosa lako halipo kwenye memori, lipo kwenye bodi. Umenunua kinywa kisichokula chakula kinachopatikana sokoni. Bodi yako ni mpya na prosesa yako ni mpya, watu wanazitafuta, na bado hujazichosha hata siku moja. Viuze vyote viwili, nunua vya toleo lililotangulia. Memori za toleo hilo zimejaa, zinatoka kwenye kompyuta za ofisi zilizobadilishwa, na bei yake mtu anaweza kuitaja bila kukaa chini. Chukua mbili za nane zilizotoka kwenye mashine moja, maana zimezoeana, zinasaidiana kama ulivyosikia, na yale matundu mawili yanabaki wazi kwa siku nyingine. Kumi na sita kwa harusi na misiba ya huko kwenu Nyamongo inatosha. Itakwama mara moja moja, utakunywa chai ikimaliza. Ukipewa ya mtumba, sugua meno yake kwa kifutio cha penseli, isukume mpaka vishikizo vyote viwili vilie ta, na usiondoke dukani kabla hujaiona imewaka mbele ya macho yako. Basi. Hayo ni ya Godwin na nimeyamaliza.

Sasa nisikilize mimi.

Kwanza, hiyo meza ya fundi cherehani uliyonieleza nimeielewa vizuri sana. Unachokishona sasa hivi ndicho kinachokaa juu. Juu ya meza yako kuna nini? Feni, taa, Ijumaa, jamaa wa Sirari aliyekucheka. Watu wawili wamekucheka dukani na wewe kwa kicheko hicho uko tayari kumtoa mtamba. Dada yako amechutama mbele yako na mkono uliovunjika akakuuliza swali, wewe ukazima umeme. Sijui nikutukane vipi ambavyo hujajitukana mwenyewe, maana nakuona, wewe si mtoto mbaya. Mtoto mbaya asingeandika maneno ya Boke yote vile, neno kwa neno. Ulikuwa unataka mtu ayasikie. Nimeyasikia.

Pili, unasema avumilie kidogo mpaka mashine isimame. Nikuambie kuhusu kidogo hicho, na nitasema mara moja tu. Mimi nilirudi kwetu nikiwa msichana kama Boke, nimepigwa. Kaka yangu Mwikwabe alikuwa ameshaolea ng'ombe wangu, mke wake alikuwa na mimba kubwa, akaniambia kwa upole kabisa, dada, vumilia kidogo, ng'ombe wameisha. Alikuwa mtu mwema, na mimi nilimpenda mpaka nimemzika. Nikavumilia kidogo. Ndiyo maana jicho langu la kushoto halioni na la kulia linaona ukungu tu, na hata ningesoma shule Laurensia angenisomea barua zenu hivyo hivyo. Lakini ng'ombe wangu mimi walikuwa watu. Yule wifi yangu alinichotea maji mpaka kufa kwake, watoto wake wananiita mama. Nilikuwa nikiuma meno kule kwa mume nasema, haya, nimo katika wale watoto. Boke atauma meno aseme nimo katika nini? Katika feni?

Usiniambie mambo yamebadilika, siku hizi kijana anaanza na kazi ndipo mke. Sikatai. Kama ungemkalisha dada yako ukamwuliza kabla, pengine angekubali, wasichana wetu wana moyo mpana kuliko tunavyostahili. Wewe ulimwambia kwenye simu ng'ombe wakiwa wameshauzwa. Alichosema, "Wewe ndiye uliyesoma," ulidhani ni ruhusa?

Na huyo Zablon anayesema kosa la mtoto ni la mke, nani amempima yeye?

Haya, utafanya hivi.

Leo, si kesho, unampandisha Boke kwenye gari, si bodaboda, mfupa usichezeshwe, mnakwenda polisi, mnauliza dawati la jinsia. Anaeleza yeye, wewe unakaa nje. Watampa karatasi ya matibabu, mnatoka pale mnakwenda hospitali huo mkono ukapigwe picha na ufungwe na watu wanaojua. Baba yako mdogo atasema umepeleka aibu ya ukoo serikalini. Mwambie ni mimi nimesema, na kama ana neno anajua nyumbani kwangu. Mambo ya ng'ombe ni ya wazee na yana Jumamosi yake. Mkono ni wa leo.

Mnunuzi wa Nyakunguru unampigia simu unamwambia asije. Asisogee hata njiani. Mtamba anabaki zizini. Mwanamke ambaye ana ng'ombe wake hata mmoja kwenye zizi la kwao, akiingia uwanjani anaingia kwake. Akifika hakuna hata mmoja, anakuwa mgeni anayefagia ili asifukuzwe. Hukuona kwa nini anafagia? Na wewe unasema akimaliza anaanza tena, ukadhani ni usafi.

Jumamosi wazee wakikaa, usimwachie Nyangwine aseme peke yake. Wewe ndiye uliyepokea ng'ombe, wewe ndiye unayesimama. Unasema hivi, dada yangu harudi, ng'ombe nilikula mimi, nitawarudisha mimi, kwa kadiri wazee watakavyoona ni haki kwa mtu aliyerudishiwa dada amevunjwa. Weka karatasi ya hospitali pale katikati waitazame wote. Ukishasema hivyo nyamaza, usijieleze habari za video. Watakucheka. Watasema kijana wa kompyuta. Baba yako mdogo anaweza akatema mate. Umeshachekwa Sirari na ukaishi, hata hapo utaishi.

Utawarudisha kwa njia gani hao ng'ombe? Kadi ya picha ile iliyokula fahali na ndama, iuze kwanza. Nimemwuliza Godwin kama mashine inawaka bila hiyo. Anasema prosesa ukiichagua ile yenye picha ndani yake inawaka, na utahariri, polepole. Kasha la kioo liuze pia, nunua la bati, bati halijawahi kumzuia mtu kufanya kazi. Ziada ya bodi na prosesa unaiongezea hapo. Kitakachopatikana chote kinarudi kuwa ng'ombe, na memori yako ndogo ya mtumba utainunua mwisho kabisa, baada ya Jumamosi, kwa kazi ya mikono yako. Nyamongo yote ile haikosi kijana mwenye kompyuta ya kuazima jioni. Nenda kahariri kwake, mwombe kwa heshima.

Sikudanganyi kwamba itatosha. Haitatosha. Ulivyovinunua vipya utaviuza vikuukuu, ndivyo soko lilivyo, na Zablon hatakuwa mtu wa kusamehe hata kwato. Utalipa miaka. Kuoa utachelewa, na msichana ukimpata atasikia habari hii kabla hujafungua mdomo. Mkono wa Boke huenda usinyooke tena sawasawa, umekaa siku kadhaa ndani ya kanga. Hayo yote yameshatokea, mimi sina dawa yake. Kilichobaki mkononi mwako ni kimoja tu, kwamba asirudi kule.

Na usinunue memori ili uniandikie kwamba imewaka. Iache hiyo mashine ilie. Haina mfupa.

Boke alikuuliza swali na hukumjibu, ukaja kuniuliza mimi la kwako. Nenda kamjibu. Mnyang'anye huo ufagio, mkalishe mbele ya kioo pale pale alipochutama, mwambie, dada, wewe humu ndani hupo. Kisha chukua bisibisi yako ulifungue hilo kasha akitazama, uanze na kile kipande cha fahali. Atalia. Mwache alie, usimwambie umeme unaisha.

Mimi siku ile nilikaa kwetu mpaka jua likapinduka nikingoja kaka yangu afungue kitu chochote, hata mlango wa zizi nikaone ni kweli hawamo. Hakufungua. Nikafunga kanga yangu nikaondoka.